Waliofunga Ramadhani Moja Wakapigana

Swali lilitoka kwa binti wa mwaka wa kwanza, mwishoni mwa darsa ya Ijumaa baada ya Magharibi. Ustadhi alikuwa amemaliza kutueleza ile hadithi ya umma kuwa mfano wa mwili mmoja, hadithi ambayo kila mmoja wetu ameijua tangu alipokuwa akikaa mkekani madrasa. Binti akainua mkono. "Ustadhi, Wakirgizi na Watajiki si wote ni Waislamu? Sasa mbona mwaka 2021 walipigana kwa risasi, na wote walikuwa wamefunga?"

Ustadhi akajibu kwamba hizo ni fitina za maadui wa Uislamu. Tukasoma dua, tukatawanyika. Lakini pale nje, tukitafuta viatu vyetu gizani, nilimsikia akimwambia mwenzake: "Maadui gani? Hakutaja hata mmoja." Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za nchi zile, na ninaandika makala hii kwa sababu naona swali lile lilistahili zaidi ya dua ya kufungia kikao.

Tuanze na ramani. Wengi wetu tukisikia "ulimwengu wa Kiislamu", macho yanakwenda Makka, Cairo na Istanbul, yanaishia hapo. Huko kaskazini, kati ya Urusi na Uchina, kuna nchi tano zinazoitwa Asia ya Kati: Kazakhstan, Uzbekistan, Turkmenistan, Kirgizia na Tajikistan. Kwa pamoja zina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 4. Kazakhstan peke yake ingeweza kuimeza Rwanda yetu zaidi ya mara 100. Walio wengi huko ni Waislamu wa Sunni wa madhehebu ya Hanafi, na Ismailia wako kwenye milima ya Pamir.

Nasi tunawategemea watu wa nchi hizo kila siku bila kujua. Imam Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 194 Hijria, akafariki karibu na Samarkand mwaka 256. Imam Tirmidhi anatoka Termez, mji ulio leo kwenye mpaka wa Uzbekistan na Afghanistan. Wenzetu wa hisabati wanaohangaika na aljebra wamshukuru au wamlaumu al-Khwarizmi, ambaye jina lake tu linataja kwao. Ibn Sina alizaliwa jirani na Bukhara. Tukifanya wiki ya Uislamu hapa kampasi, mabango yetu hujaa majina haya na tunajivuna nayo. Wajukuu wa watu hao wako wapi leo, wanaishi vipi, wanagombana na nani? Bango halisemi.

Mahali ninapotaka tukae ni Bonde la Fergana. Mito miwili, Naryn na Kara Darya, inakutana humo na kuwa Syr Darya. Ni bonde lenye rutuba katikati ya milima mikavu, na ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni 10 wakibanana: Wauzbeki, Wakirgizi, Watajiki na wengine. Hapo zamani lilikuwa chini ya utawala wa Kokand, mpaka Urusi ya Tsar ilipoufuta mwaka 1876. Ungemuuliza mtu wa bonde lile wakati huo yeye ni nani, pengine angekwambia kwanza ni Muislamu, kisha ni mtu wa mji fulani, kisha kazi yake. Lugha ilikuja nyuma, kwani wengi walizungumza Kituruki na Kiajemi kwa zamu, kutegemea wako sokoni au nyumbani.

Mwaka 1924 Wasovieti waliigawa Asia ya Kati kwa mataifa. Kila mtu akaandikwa kuwa Mzbeki, Mtajiki, Mkirgizi, Mturkmeni au Mkazakhi, na kila taifa likapewa ardhi yake. Mji wa Osh, ambao wakazi wake wengi walikuwa Wauzbeki, ukaangukia upande wa Kirgizia. Samarkand na Bukhara, zenye watu wengi wa lugha ya Kitajiki, zikabaki Uzbekistan. Vikatokea hata vijiji vya nchi moja vilivyozungukwa pande zote na ardhi ya nchi nyingine, kama Vorukh, kisiwa cha Tajikistan ndani ya Kirgizia.

Hapa sisi wa Afrika huwa tunarukia jibu: mkoloni alichora mstari kwa rula ili atawale. Sikatai kwamba Moscow ndiyo iliyoshika kalamu. Lakini waliokaa mezani wakivutania miji, malisho na mifereji walikuwemo wenyeji wenyewe, Wauzbeki, Wakirgizi na Watajiki, kila mmoja akitaka kipande kinono. Hili linatuuma, ila tulikubali. Neno la mtu wa nje lilipata masikio ndani. Nasi tunalijua jambo hilo kwa njia yetu. Hapa Rwanda Muislamu aliitwa Mswahili hata kama babu zake wote walizaliwa milima hii hii, akawekwa kwenye mtaa wake, na baada ya muda jina lile alilopewa akalivaa mwenyewe.

Enzi za Sovieti sitazikalia sana. Misikiti mingi ilifungwa, mwaka 1927 ikaanza kampeni ya kuwavua wanawake mtandio kwa nguvu ya dola, hati za Kiarabu zikabadilishwa kuwa za Kilatini na baada ya miaka kumi na kitu zikawa za Kirusi, hata mjukuu akashindwa kusoma barua ya babu yake. Mwaka 1943, vita vikiwa vimemkaba, Stalin akaruhusu ofisi moja ya Waislamu huko Tashkent. Nalitaja hili kwa sababu ya jibu la pili nililolisikia baada ya darsa, kutoka kwa ndugu mmoja wa mwaka wa tatu: "Hao Uislamu wao ni wa jina tu, Warusi waliufuta." Jibu hili ni jepesi mno. Watu walioficha Qur'ani ukutani na kuwafundisha watoto Al-Fatiha usiku kwa miaka 70, sisi ambao hakuna aliyetukataza kusoma tuna haki gani ya kuwapimia imani? Na kama udhaifu wa dini ndio unaoleta kuuana, basi tuseme nini juu ya vita vya wacha Mungu wa kila zama, kuanzia zama za masahaba wenyewe?

Mwaka 1991 Muungano wa Sovieti ulivunjika. Mistari ambayo basi la kijiji lilikuwa likiivuka bila kusimama ikawa mipaka ya kimataifa, yenye askari. Tajikistan ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1992 hadi 1997, Mtajiki na Mtajiki, lugha moja na dini moja, wakafa makumi ya maelfu. Kwa hiyo hata kisingizio cha kabila hakitoshi.

Kisha Osh. Juni 2010, miezi miwili baada ya rais wa Kirgizia kupinduliwa, Wakirgizi na Wauzbeki wa kusini mwa nchi walishambuliana kwa siku kadhaa. Walikufa zaidi ya watu 400, wengi wao Wauzbeki. Mitaa iliteketezwa. Wanawake, watoto na wazee wapatao 100,000 walikimbilia Uzbekistan, ambako mpaka ulifunguliwa, kisha ukafungwa baada ya siku chache. Aliyechoma na aliyechomewa wote walikuwa Hanafi, na wote walielekea kibla kimoja.

Na ndiyo hiyo Ramadhani ya 2021 aliyoitaja binti yule. Tarehe 28 Aprili, maofisa wa Tajikistan walifunga kamera kwenye nguzo pale Golovnoi, mahali maji ya mto yanapogawanywa kwenda pande mbili. Wakirgizi wakataka kuiondoa. Mawe yakarushwa, halafu risasi, halafu silaha nzito, mpaka walipokufa zaidi ya watu 50 kwa siku mbili tatu. Ugomvi ulianzia kwenye kamera na maji ya shamba. Mwezi wenyewe ulikuwa umefika katikati, kwa hiyo siwezi kuacha kuwaza kuwa baadhi ya waliouawa walikuwa wamekula daku alfajiri ile.

Septemba 2022 mambo yakarudi kwa ukubwa zaidi, wakafa zaidi ya 100. Siku hizo hizo marais wa nchi zote mbili walikuwa Samarkand kwenye mkutano wa Jumuiya ya Ushirikiano ya Shanghai, pamoja na Putin, Xi Jinping na Erdogan. Walikaa chumba kimoja, wakapiga picha, na mpakani watu wakiendelea kuhama na mifugo yao.

Sasa turudi kwenye swali. Je, kusema "Waislamu ni ndugu" ni kusema kweli?

Nilipoisoma tena Suratul Hujurat niliona jambo ambalo nimelipita miaka yote. Aya inayotangaza udugu wa waumini ni ya 10. Tunaipenda, tunaiandika kwenye kadi za mialiko. Lakini aya iliyo mbele yake, ya 9, inazungumzia makundi mawili ya waumini yanapopigana: yapatanishwe, na moja likiendelea kudhulumu lizuiwe, na upatanisho uwe wa uadilifu. Kwa maana nyingine, Qur'ani haikuutaja udugu mahali penye amani na tende mezani. Imeutaja panga zikiwa zimekwisha chomolewa. Na haikuwavua imani wale wanaopigana, bado inawaita waumini.

Hapo naona tofauti kati ya udugu kama habari na udugu kama deni. Tukiuchukua kama habari, yaani jambo ambalo tayari lipo kwa sababu tu tumetamka shahada, basi Osh imetukanusha, na kila tukitajiwa Osh itabidi tutafute adui wa kumtupia, au tuwaondoe wahusika kwenye Uislamu. Ndivyo yalivyofanya majibu yote mawili niliyoyasikia siku ile. Tukiuchukua kama deni, Osh haiukanushi. Inaonyesha ni kiasi gani hakikulipwa.

Nilimweleza hivyo ukhti mmoja tunayesoma naye sheria, naye hakukubali. Akasema: "Deni ambalo halilipwi karne kwa karne ni deni gani? Ukisema udugu ni wajibu tu, umeukinga usiulizwe chochote. Hata wasio na dini wanasema watu wapatanishwe." Alinibana. Sikuwa na la kumjibu mpaka nilipokutana na mtu wa bonde lenyewe.

Mtu huyo ni Burhanuddin al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 Hijria. Anatoka Marghinan, mji ambao leo unaitwa Margilan, humo humo Fergana, upande wa Uzbekistan. Ndiye mwandishi wa Al-Hidaya, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi ya Hanafi wamekisoma tangu Asia ya Kati hadi India. Sisi huku ni Mashafii kwa wingi wetu, ndiyo maana jina lake si la kawaida vinywani mwetu. Ndani ya kitabu hicho kuna mlango wa shufaa. Hii si ile ya Siku ya Kiyama. Ni haki ya mtu kununua ardhi inayouzwa kabla ya mgeni kuinunua. Katika madhehebu yetu haki hiyo ni ya mshirika katika mali yenyewe tu. Mahanafi wanaipanua. Wa kwanza ni mshirika katika mali. Wa pili ni yule mnayeshirikiana naye mfereji mdogo wa maji au njia ya kuingilia. Wa tatu ni jirani ambaye ukuta wake umegusana na wako.

Nilisoma hapo mara mbili. Mnayekunywa naye mfereji mmoja anatangulia mbele ya mnayepakana naye ukuta. Ni sheria iliyoandikwa na mtu wa nchi ya umwagiliaji, anayejua damu inaweza kumwagikia wapi. Na ndani ya mlango huo huo, Muislamu na asiye Muislamu anayeishi chini ya himaya ya Waislamu wako sawa katika haki hiyo. Jirani hakuulizwa dini yake kwanza, wala lugha anayoota nayo.

Hilo ndilo jibu langu kwa ukhti wa sheria, ingawa najua halimalizi yote. Wanazuoni wa bonde lile hawakuuacha udugu uelee hewani. Waliuteremsha mpaka kwenye mfereji: nani anachota, nani anatangulia, nani aulizwe kabla ya kuuza. Walijua kwamba watu wawili wanaoswali safu moja wanaweza kuuana kwa sababu ya maji, na kwamba kuwakumbusha tu kuwa ni ndugu hakutawazuia. Kinachohitajika ni utaratibu mtu anaoweza kwenda kuushitakia kwa kadhi. Pale Golovnoi hapakuwa na kadhi wala mfano wake. Palikuwa na serikali mbili, kila moja ikisema maji ni yake, na nguzo yenye kamera.

Nitasema na la kwetu, kwa tahadhari. Huwa tunatajwa kwa sifa, sisi Waislamu wa Rwanda, kwamba katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 wengi wetu tuliwaficha watu, hasa Biryogo na Nyamirambo. Ni kweli, na ni heshima. Ni kweli pia kwamba walikuwepo Waislamu walioshiriki kuua, na hili kwenye mihadhara yetu tunalipita haraka. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikaa na mama mmoja na watoto wawili nyuma ya nyumba yake kwa wiki kadhaa. Mama yule hakuwa Muislamu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini alifanya vile, nikitarajia anitajie aya. Akasema, "Tulikuwa tunachota bomba moja." Basi. Nilidhani hakunijibu. Bibi hakuwahi kusikia jina la Marghinani.

Hata Osh walikuwepo Wakirgizi waliowaficha Wauzbeki na Wauzbeki waliowaficha Wakirgizi, na wilaya ya Aravan, iliyo karibu na mji huo na yenye watu wa makabila yote mawili, haikuingia kwenye machafuko. Wazee wa pande mbili walikwenda barabarani wakawazuia vijana wao. Hao nao walikuwa Waislamu, wa msikiti ule ule na wa bonde lile lile. Kwa hiyo anayesema dini haikusaidia kitu anakosea, na anayesema dini ilitosha anakosea vilevile.

Kuna upande mmoja bado, wa nchi na nchi. Tarehe 6 Oktoba 2022, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa huko Geneva lilipigia kura pendekezo la kujadili tu hali ya Wauighuri na Waislamu wengine wa Xinjiang, jirani ya Asia ya Kati. Lilikataliwa, 19 kwa 17, na 11 hawakuegemea upande. Kazakhstan na Uzbekistan zilikuwa miongoni mwa 19. Zilikuwemo pia Pakistan, Indonesia, Qatar na Senegal. Somalia ilikuwa upande wa pili. Naelewa hesabu yao: Uchina ndiye mnunuzi, mkopeshaji na mjenga reli, na ni huko Astana mwaka 2013 ambako Xi Jinping alitangaza mpango wake wa Njia ya Hariri. Nchi ndogo kando ya dola kubwa haina anasa ya kusema kila kitu. Lakini siku hizo hizo sisi wanafunzi tulikuwa tukiandamana kwa maneno juu ya Waislamu wa nchi za mbali kabisa, ambako kusema hakutugharimu hata mlo mmoja. Udugu wa mbali ni rahisi. Sisemi tuuache. Nasema usitufanye tujione tumekwisha kulipa.

Habari njema zipo. Tarehe 13 Machi 2025, marais wa Kirgizia na Tajikistan walitia saini Bishkek mkataba wa mpaka wao wote, wenye urefu wa takriban kilomita 970. Mkataba unagusa ardhi, barabara na maji. Vituo vya kuvukia vilivyofungwa tangu 2021 vikafunguliwa. Tarehe 31 ya mwezi huo marais hao walikutana na mwenzao wa Uzbekistan mjini Khujand, wakasaini mapatano ya mahali mipaka ya nchi zote tatu inapokutana. Wengi hawakuona kwamba siku ile ya Bishkek nayo ilikuwa Ramadhani. Miaka minne ya Hijria baada ya damu ya Golovnoi, katika mwezi ule ule, watu wale wale.

Nilifurahi, nikamtumia binti wa mwaka wa kwanza habari hiyo pamoja na makala hii kabla sijaileta kwa mhariri. Alisoma yote. Kisha akaniandikia kwamba miaka mitatu nyuma Kirgizia ilikuwa imekubaliana na Uzbekistan kuhusu bwawa la Kempir-Abad, ardhi ya bwawa iende Uzbekistan na Kirgizia ipewe ardhi nyingine, na kwamba zaidi ya watu 20 waliopinga mapatano yale, wakisema wanakijiji hawakuulizwa, walikamatwa Oktoba 2022 kabla hayajapitishwa. "Kaka, amani ni nzuri," aliandika. "Lakini huyo Marghinani wako, si alisema jirani aulizwe kwanza?"

Sijamjibu bado.